Imebaki Sahihi Tu

Chumba cha mbele cha Fundi kilikuwa na benchi moja fupi la mbao, mguu wake mmoja umetiliwa kigae ili lisiyumbe, na kila mteja mjanja alijua kazi yake. Nguo ya aliyekaa kwenye benchi ndiyo iliyoshonwa. Nguo za walioahidiwa Ijumaa wakaenda zao kwa amani zilibaki kwenye rafu, ndani ya mifuko ileile zilimokuja, mpaka mwenyewe apandwe na hasira aje akae.

Jumatatu hiyo aliyepandwa na hasira alikuwa muuguzi wa zahanati ya jirani.

"Fundi, hiyo Ijumaa yako iko kwenye kalenda gani? Nionyeshe na mimi nikainunue."

Fundi hakuinua kichwa kutoka kwenye cherehani. Alikuwa na pini tatu mdomoni, na pini hizo zilikuwa ngao yake. Hakuna anayemlazimisha mtu mwenye pini mdomoni kujibu. Aliyejibu siku zote alikuwa binti yake.

"Imebaki vifungo tu, dada," alisema binti. "Pita kesho jioni."

Sare ya muuguzi ilikuwa haijakatwa hata mkono mmoja. Lakini muuguzi alimtazama binti usoni, akalegea, akaondoka. Kazi hiyo binti alikuwa ameianza akiwa na miaka saba, Fundi, mama yake, alipogundua kwamba mtoto ana uso wa mtu asiyeweza kusema uongo. Majirani walimwita Msomi tangu siku alipovaa joho la mahafali. Mwanzoni lilikuwa jina la sifa. Sasa, baada ya miaka miwili ya kukunja pindo za suruali za watu, lilikuwa na ladha nyingine kabisa: "Msomi, zipu yangu imekwama, hebu isomee."

Simu ililia mlio mfupi. Msomi aliipangusa nyuzi akasoma, ingawa alijua kilichoandikwa. Chuo alichoomba kwenda kusoma shahada ya pili kilikuwa nchi ya mbali, na ufadhili ulikuwa wa watu wanne tu. Ukurasa wa maombi ulikuwa na mistari mitatu ya barua za mapendekezo. Mwalimu wa takwimu: imepokelewa. Mkuu wa shule alikofanyia mazoezi ya kufundisha: imepokelewa. Msimamizi wa utafiti: inasubiriwa. Chini, kwa maandishi mekundu: mwisho ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni. Maombi yasiyokamilika hayatasomwa.

"Bado?" Fundi aliuliza kupitia pini.

"Bado."

"Huyo Profesa ulimwomba lini?"

"Wiki ya tisa hii. Akasema hilo dogo."

"Umemkumbusha?"

"Mara sita."

"Hebu nisomee unavyomkumbusha."

Msomi alisita, kisha akasoma kwa sauti ya chini. "Shikamoo Profesa. Natumaini u mzima wa afya. Pole sana na majukumu. Samahani kwa usumbufu, najua una mambo mengi. Ni kuhusu lile suala letu, ukipata nafasi tu, wala hakuna haraka..."

Fundi alitemea pini kiganjani. "Wala hakuna haraka?"

"Ni adabu, mama."

"Barua umeiomba wapi hapo? Umempa pole utadhani kafiwa, na mtu hana hata mafua." Alisukuma kiti nyuma. "Sikiliza, mwanangu. Mimi nachelewesha kazi za watu mwaka wa ishirini huu, najua tunavyofikiri. Anayetutumia salamu tunampenda sana, lakini hatumshonei. Kesho nenda kakae kwenye benchi."

"Profesa hana benchi, mama."

"Basi kaa sakafuni. Ila akuone kila anapokwenda chooni."

Benchi lilikuwepo. Lilikuwa la chuma, kwenye korido ya ghorofa ya pili, mkabala na mlango wa Profesa. Kati ya benchi na mlango kulikuwa na meza ya Katibu, mwanamke mnene aliyevua viatu chini ya meza na kupakia maisha yake kwenye boksi la karatasi: birika la umeme, kikombe, kandambili, picha ya wajukuu. Jumamosi angeagwa kwa kustaafu. Ukumbi ulikuwa umeshalipiwa na keki imeagizwa.

"Una miadi?" Katibu aliuliza.

"Hapana, mama. Nimekuja... kukaa."

Katibu alimtazama juu ya miwani. "Barua?"

"Ndiyo."

"Haya, kaa. Wewe wa nne mwaka huu."

Profesa alifika saa nne. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoleta ugumu wote. Alikuwa na uso mkunjufu na kicheko cha bure kwa kila aliyekutana naye. "Aa, binti yangu! Mbona umekonda? Lile jambo lako nalijua, wala usijali. Imekwisha ile. Imebaki sahihi tu." Mlango ukajifunga nyuma yake taratibu.

Mwingine angefurahi. Msomi aliutazama mlango ule. Katika jengo lote lile hapakuwa na mtu aliyeijua sentensi hiyo kuliko yeye. Aliujua wepesi wake, na jinsi macho ya msemaji yanavyotangulia kutoka kabla ya miguu.

"Hajaanza," alisema polepole.

"Hata neno moja," alisema Katibu, akaendelea kufunga kikombe kwa gazeti.

Mchana ule Msomi alimpigia mama yake kumweleza. Fundi hakuuliza habari za Profesa. Aliuliza habari za Katibu. Anastaafu? Lini? Atavaa nini? "Mwambie namshonea gauni la kuagwa. Bure. Mtu wa mlangoni ndiye wa kumshika."

Katibu alikataa mara mbili. Mara ya tatu alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kitambaa cha zambarau kilichokunjwa ndani ya taulo. Alikuwa amekinunua mwaka aliofiwa na mama yake, na miaka minne hakuthubutu kukipeleka kwa fundi yeyote. Juu yake palikuwa na vifungo sita vyeupe vyenye ukingo mweusi, vilivyong'olewa kwenye gauni la marehemu.

"Vifungo hivi ndivyo nivitakavyo," alisema. "Mengine mama yako ajuavyo."

Fundi hakungoja kuletewa vipimo. Alikuja mwenyewe, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akampima Katibu palepale ofisini. Alikuwa amepiga magoti kwenye pindo wakati Profesa alipofungua mlango akiwa na wageni wawili wenye tai.

"Loo, Katibu! Kumbe siku hizi tumefungua duka?"

Wageni walicheka. Fundi naye alicheka, tena kuliko wao, akiwa bado magotini. Msomi aliyatazama magaga ya mama yake kwenye vigae vile vinavyong'aa, kisha akatazama pembeni.

"Huyu ni mama yangu, Profesa."

"Oo, mama! Una binti. Kichwa! Kichwa hasa!"

"Tunashukuru, mheshimiwa. Basi ile barua yake..."

"Imebaki sahihi, mama. Sahihi tu."

Walipopita, Fundi alisimama akifuta magoti. "Gauni Alhamisi," alimwambia Katibu. "Lala usingizi."

Msomi aliisikia ahadi hiyo bila kuipa uzito. Masikio yake yote yalikuwa kwenye ngazi, viatu vya Profesa vikishuka.

Jumatano Profesa hakuja kabisa. Katibu alimgawia Msomi chai katika kifuniko cha chupa, akamsimulia habari za karani wa fedha aliyefukuzwa wiki mbili kabla ya kustaafu kwa sababu alimsainia bosi wake hati moja. "Tena bosi mwenyewe ndiye aliyemtuma. Siku ya kuulizwa akasema hajui. Mtu wa watu amerudi kijijini na mkoba mtupu."

Alhamisi saa sita Profesa alitoa kichwa mlangoni. "Unajua nini, binti? Niandikie rasimu wewe mwenyewe. Wewe ndiye unayejijua."

Katibu alimpisha kwenye kompyuta yake. Baada ya saa nzima palikuwa na mistari minne. Katibu alivaa miwani akasoma: "'Ni mwanafunzi mwenye nidhamu, hana makuu, na hakuwahi kumsumbua mtu.' Bibie, hii ni barua ya kuombea kazi ya uyaya."

"Siwezi kujisifu, mama."

"Nani kakwambia ujisifu? Utafiti wako ulihusu nini?"

"Jinsi mafundi cherehani wanavyokadiria kitambaa kichwani, bila kuandika hata tarakimu moja. Nilikaa na mafundi arobaini na mmoja. Wengine hawajui kusoma, na makosa yao yalikuwa madogo kuliko ya wanafunzi wenye kikokotoo."

Katibu alivua miwani. "Na hayo yote ulitaka kuyaficha? Sogea." Akavuta kibodi. "Tuweke 'hodari'?"

"Tuseme 'wa kutosha'."

"Tunaweka hodari."

Kila sifa ilipoingia, Msomi aliona haya kama mtu anayevuliwa nguo hadharani. Lakini barua ilipotoka kwenye printa aliisoma mara tatu, na mara ya tatu alianza kuamini kwamba huenda mtu huyo yupo.

"Iache mezani," alisema Profesa.

Ijumaa Msomi alikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Profesa alitokea saa tisa na nusu alasiri.

"Aa, upo! Ingia, ingia, leo tunaimaliza."

Alifungua barua pepe, akabonyeza linki ya chuo, akaisoma rasimu huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. "Imeandikwa vizuri hii. Inaonyesha nakufahamu." Kisha ukurasa ukamtaka ajaze jina kamili la mwombaji, na vidole vyake vikasimama juu ya kibodi.

"Jina lako la kwanza tunaliandikaje vile?"

Msomi alimtajia.

"Na la ukoo?"

Alimtajia herufi moja moja, kama anavyotajiwa karani wa dirishani. Mwaka mzima mtu huyu alikuwa msimamizi wake. Jina hilo lilikuwa kwenye jalada la utafiti uliosimama kwenye rafu nyuma ya kichwa chake.

Simu ya mezani ililia. Profesa alisikiliza, akasimama, akavaa koti. "Wageni wako chini. Dakika tano tu. Usiguse kitu."

Ilikuwa saa kumi kamili. Kwenye kioo cha kompyuta barua ilikuwa imeshaingia mahali pake. Chini yake kulikuwa na kibanduku: Mimi, msimamizi, nathibitisha kwamba nimeiandika na kuiwasilisha barua hii mwenyewe. Na chini ya kibanduku, kitufe cha buluu.

Saa kumi na nusu Katibu alipiga simu ya mkononi ya Profesa. Ililia palepale mezani, ikizunguka kwenye karatasi kama mende aliyepinduka. Katibu alivaa viatu akashuka ngazi. Alirudi akihema.

"Ameondoka na gari. Mlinzi anasema wamekwenda kuonyeshwa jengo jipya."

Saa kumi na dakika hamsini Katibu aliingia ndani, akafunga mlango, akasimama mbele ya kompyuta. "Sogea nibonyeze."

"Mama..."

"Mambo yake yote nabonyeza mimi, miaka ishirini na sita. Hata likizo yake naiomba mimi."

Mkono wake ulikuwa tayari umekishika kipanya cha kompyuta. Msomi alikitazama kitufe. Alitaka mtu akibonyeze kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Kisha akaona kandambili na birika kwenye boksi nje ya mlango wa kioo, akamkumbuka karani wa fedha.

"Kiinua mgongo chako, mama."

"Hicho ni changu mimi."

"Usibonyeze."

Hakuwahi kumwambia mtu mzima neno kwa sauti ile. Mkono wa Katibu ulibaki pale kidogo, ukaondoka. Na Msomi aliona jambo ambalo angependa asilione: mabega ya yule mama yalishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Wote wawili walitazama saa ya ukutani. Saa kumi na moja kamili ukurasa ulijibadilisha wenyewe, kitufe kikawa cha kijivu. Muda umekwisha. Mwombaji hajakamilisha.

Profesa alirudi saa kumi na moja na robo, kijiti cha meno mdomoni.

"Bado upo? Ile si nimeshaituma?"

"Hapana, Profesa. Wamefunga."

"Wamefunga?" Aliinama kwenye kompyuta, akabonyeza kitufe cha kijivu mara mbili. "Ah, hawa huwa wanaongeza muda, nawajua. Lakini na wewe, binti yangu, jambo kama hili unanikumbusha mapema. Unakuwa mpole mno. Ulimwengu huu hautaki upole."

Msomi alifungua mdomo. Siku nne za benchi, wiki tisa, ujumbe mara sita, vyote vilikuja mpaka kooni.

"Ndiyo, Profesa," alisema. "Asante."

Asante hiyo ndiyo iliyomchoma njia nzima. Katibu alitembea pembeni yake akibeba boksi, birika likigonga kikombe kila hatua. Alikuwa anapita kwa Fundi kuchukua gauni lake.

"Umenisitiri," Katibu alisema mwishowe. "Sikujua niseme nini pale."

"Usiseme kitu, mama."

Fundi aliwaona tangu wakiwa mbali, akatoka mlangoni akipepesa macho kwenye jua la jioni. Hakumwuliza bintiye; aliusoma uso, akageukia mteja kama alivyozoea.

"Karibu, Katibu, karibu! Ulikuwa uje jana, leo umekuja, kumbe sote tumechelewa!" Alicheka peke yake. "Gauni lako zuri hilo! Imebaki vifungo tu. Pita kesho asubuhi kabla ya hafla. Si ndiyo, mwanangu?"

Msomi aliingia ndani. Kwenye rafu, taulo la Katibu lilikuwa limekunjwa vilevile lilivyoletwa Jumanne. Na kwenye msumari juu ya cherehani lilining'inia koti. Lilikuwa zito, la kijivu, lenye bitana na kola ya kusimama, koti la mtu anayekwenda kusoma kwenye nchi ya baridi. Lilikuwa limepigwa pasi. Ndiyo nguo pekee ya Fundi iliyowahi kumalizika kabla ya siku yake. Mbele lilikuwa na vifungo sita vyeupe vyenye ukingo mweusi.

"Si ndiyo, mwanangu?" Fundi alirudia.

"Halijakatwa," alisema Msomi.

Fundi aliokota pini mezani akaitia mdomoni, akaitoa.

"Kitambaa kiko pale kwenye taulo," Msomi aliendelea. "Hakijaguswa. Na sare ya muuguzi haijakatwa. Na suruali za mwalimu. Nimewadanganya wote. Huyu siwezi."

"Nilitaka uondoke na koti," alisema Fundi. Alimwambia ukuta zaidi kuliko mtu. "Nikajua barua itakwenda. Vifungo ningemnunulia vingine vya kufanana. Nilisema nishone hili kwanza..."

Katibu alikuwa amesimama mlangoni na boksi lake. Aliingia, akalisogelea koti, akagusa kifungo cha juu kwa ncha ya kidole. Msomi alingoja matusi, na kwa kweli aliyahitaji. Katibu hakutukana. Aliweka boksi chini, akavua viatu, akaketi kwenye benchi, na benchi likalia.

"Nitakaa," alisema.

Fundi alisogeza pini kando. Kisha akaliondoa taulo rafuni, akatandaza kitambaa cha zambarau mezani, akakipima kwa kiganja, bila futi na bila kuandika kitu. Mkasi ukaingia.

Simu ya Msomi ililia mlio mfupi. Ilikuwa Profesa. "Binti, naona linki haifunguki tena. Nikumbushe Jumatatu."

Vidole vyake vilianza vyenyewe: Shikamoo Profesa, samahani kwa... Akasimama. Akafuta herufi moja moja mpaka pakawa peupe, akaiweka simu kifudifudi kwenye rafu.

Alilishusha koti kutoka msumarini. Alikaa kwenye benchi kando ya Katibu, akalilaza magotini, akachukua mkasi mdogo wa kukatia nyuzi. Mama yake alikuwa amevishona kwa uzi wa mara mbili, tena akavizungushia shina, ili visidondoke mbali na nyumbani. Ilimchukua muda kukilegeza kifungo cha kwanza. Alikikata, akamwekea Katibu kiganjani, akashika cha pili.